Boxer, TVS ama Honda? Kwa nini wanabodaboda hawahami nduthi zao

Kama una muda, nenda steji yoyote ya bodaboda saa nane mchana, wakati wateja wamepungua na kila mtu amejikunja chini ya mwavuli wa nduthi yake. Uliza swali moja tu: "Wasee, nikitaka kununua nduthi, ninunue gani?" Halafu kaa kando usikilize.

Wa Boxer ataanza. Atakwambia hiyo ni punda, unaibebesha magunia mawili na bado inapanda mlima. Wa TVS atacheka, aseme punda huchoka, halafu aanze kukueleza jinsi HLX yake ilivyo laini na jinsi isivyomtetemesha mikono jioni. Yule mzee wa Honda, ambaye hua haongei sana, atasema tu kwamba tangu anunue yake amesahau sura ya fundi. Mwenye pikipiki ya China ataambiwa anyamaze kabla hajafungua mdomo, lakini hatanyamaza. Kwa dakika ishirini utadhani uko Nyayo siku ya Gor na Ingwe.

Mimi nimekaa kwa steji yetu huku Kayole mara nyingi nikisikiliza hii vita. Niliacha koleji mwaka wa pili, na nusu ya vijana niliomaliza nao sekondari sasa wako kwa nduthi. Kwa hivyo hii si stori ya mashabiki wa magari wanaobishana kuhusu kitu hawatawahi kukinunua. Kijana wa miaka 23 anayesaini mkopo wa pikipiki leo anafanya uamuzi mkubwa kuliko wote aliowahi kufanya kuhusu pesa. Akichagua vibaya, hapotezi pikipiki tu, anapoteza na deposit ambayo pengine mamake alitoa kwa chama.

Sasa, baada ya kusikiliza sana, nimegundua kitu. Hawa jamaa wanabishana kuhusu jina lililoandikwa kwa tangi, lakini ukiwasikiza vizuri, hakuna anayeongea kuhusu jina. Wanaongea kuhusu fundi, spea, mafuta na siku ambayo watauza. Jina ni ufupisho wa hayo yote.

Zilikuja vipi?

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, kule Busia, miaka ya 1960, na wakati huo ilikuwa baiskeli. Mtu alikuwa anakuvusha kutoka boda moja hadi nyingine, "border to border", na jina likaganda. Baiskeli zilitawala kwa miaka mingi, hasa magharibi na Nyanza.

Kilichobadilisha mambo ni ushuru. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, zile ambazo injini yake haifiki 250cc. Bei ikashuka ghafla. Mtu ambaye alikuwa anaota pikipiki akaipata, na meli zikaanza kushusha nduthi Mombasa kama mahindi. Nyingi za kwanza zilitoka China. Wale waliokuwa barabarani wakati huo watakutajia majina kama wanataja wachezaji wa zamani: Skygo, Tiger, Captain, Jincheng. Zilikuwa rahisi, na kwa wengi ndizo zilizowafungulia mlango wa hii kazi.

Halafu Wahindi wakaja na Boxer ya Bajaj na TVS, na pole pole steji zikabadilika rangi. Leo simama kwa makutano yoyote Nairobi, hesabu nduthi ishirini zinazopita, uone ngapi si Boxer wala TVS.

Kitu kimoja ambacho wasee wa steji hawapendi kuambiwa ni kwamba nduthi hizi ni binamu. Bajaj ilishirikiana na Kawasaki ya Japan tangu miaka ya 1980, na ushirika huo ukaisha mwaka 2017. Boxer za kwanza kule India zilikuwa na jina la Kawasaki ubavuni. TVS nayo ilikuwa TVS-Suzuki hadi ilipotengana na Suzuki mwaka 2001. Hero, ambayo pia iko hapa kwetu, ilianza na Honda mwaka 1984 na zikatembea pamoja kwa zaidi ya miaka 25. Na Honda yenyewe ndiyo ilitoa Super Cub mwaka 1958, ile pikipiki ndogo ambayo kufikia mwaka 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo kingine cha injini duniani kimewahi kufika hapo.

Kwa hivyo ukiona jamaa wa Boxer na wa TVS wanataka kupigana, jua shule ni moja. Zote ni injini ya silinda moja, inapozwa na upepo, ina valvu mbili, na fundi anaweza kuifungua kwa spana chache akiwa amekalia mkebe wa rangi. Tofauti zipo, lakini si za mbingu na ardhi.

Kuharibika si shida, kulala ndiyo shida

Sisi watu wa kawaida tukisema kitu ni imara, tunamaanisha hakiharibiki. Mwanaboda hamaanishi hivyo. Yeye anajua itaharibika. Pikipiki inayopiga kilomita 100 kwa siku inafikisha zaidi ya kilomita 30,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za barabara za mashimo, vumbi na matuta ambayo hayajapakwa rangi. Hakuna chuma kisichochoka hapo. Swali lake ni moja: ikiharibika saa tatu asubuhi, nitarudi barabarani saa ngapi?

Piga hesabu na mimi. Tuseme jamaa anaingiza 1,500 kwa siku. Petroli 400, mkopo wa kila siku 450, chakula 150. Anabaki na 500. Hiyo 500 ndiyo nyumba, ndiyo mtoto, ndiyo kutuma nyumbani.

Sasa nduthi ilale siku moja kwa fundi. Pesa haingii. Petroli hatanunua, sawa, lakini mkopo haujui kama ulikuwa kwa fundi. 450 inatakikana. Na lazima ale. Siku hiyo ameingia shimo la 600, kabla hajamlipa fundi. Ikilala siku tatu akingoja spea itoke mahali, shimo ni 1,800. Ili kurudi sifuri tu, atahitaji siku karibu nne nzuri ambazo haweki hata shilingi mfukoni.

Ndiyo maana nduthi inayoharibika mara nne kwa mwaka lakini kila mara inarudi baada ya saa moja ni bora kwake kuliko ile inayoharibika mara moja na kulala wiki mbili. Kwa karatasi, ya pili ndiyo imara. Kwa steji, ya pili ni laana.

Nimeona hiyo laana na macho. Kuna jamaa tulikua naye plot moja, alichukua pikipiki ya kampuni ambayo sitaitaja. Ilikuwa maridadi, ina taa za nguvu, spidomita ya dijitali, na deposit yake ilikuwa ndogo kuliko ya zile nduthi za kawaida. Steji walimcheka kidogo halafu wakazoea. Ilitembea vizuri miezi minane. Siku moja akiwa amebeba mteja, gia ya pili ikaanza kuruka, na jioni ikakataa kabisa. Fundi akafungua injini, akatoa gia imekatika meno matatu.

Ingekuwa Boxer, hiyo ni safari ya mjini na kurudi. Lakini alizunguka Kirinyaga Road duka baada ya duka na kila mahali akaambiwa maneno yale yale: "Ya hiyo hatuna, labda uagize." Kampuni nayo ikasema inangoja mzigo. Fundi akajaribu kumtafutia mtu wa jua kali achonge gia kama hiyo, ikakaa siku mbili ikakatika tena. Siku kumi na tisa nduthi imefunikwa gunia kwa plot. Siku ya ishirini watu wa mkopo wakaja na pikapu.

Miezi minane ya kulipa kila siku, pamoja na deposit iliyotoka kwa chama cha mathee, ilienda hivyo. Sasa anaendesha Boxer ya mtu, na kila jioni anapeleka hesabu ya mwenyewe kabla ya kuhesabu yake. Ukimwuliza leo nduthi bora ni gani, hasemi kuhusu spidi wala taa. Anasema, "Ile spea yake iko kwa kila kona."

Fundi ndiye mwenye brandi

Fikiria yule fundi wa karibu na steji yenu, wa chini ya mti, mwenye kopo la oili chafu na kisanduku cha spana. Pengine hajawahi kuona kitabu cha mtengenezaji. Lakini amefungua Boxer mia tatu. Akisikia mlio tu kutoka mbali, anakwambia hiyo ni taimingi cheni imelegea, hata kabla hujasimamisha stendi. Mikono yake inajua bolti ya ngapi iko wapi.

Sasa mpelekee pikipiki ambayo hajawahi kuona. Ataitengeneza, kwa sababu fundi wa Kenya hakatai kazi. Lakini anajifunzia kwako, na ada ya hiyo shule unalipa wewe.

Kwa hivyo hili jambo linajizungusha lenyewe. Wengi wana Boxer, kwa hivyo mafundi wanajua Boxer. Mafundi wanajua Boxer, kwa hivyo maduka yanaweka spea za Boxer. Spea ziko, kwa hivyo kijana mpya ananunua Boxer. Hata wanaotoa mikopo wanaingia kwa hiyo duara, kwa sababu wakikunyang'anya wanataka nduthi ambayo watauza kesho yake. Kampuni mpya ikija na pikipiki bora mara mbili, bado inapigana na mduara ambao umechukua miaka zaidi ya kumi kujijenga.

Hiyo pia ndiyo sababu ukitoka mtaa mmoja hadi mwingine unaweza kupata ufalme umebadilika. Steji moja yote ni TVS, na ukiuliza, utapata kwamba fundi wao alifundishwa na TVS, ama mwenyekiti wao alianza nayo na wengine wakafuata. Uaminifu huu unaambukizana kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Na si ujinga, kwa sababu ukiwa na nduthi sawa na ya wenzako, unaweza kuazima waya ya klachi usiku wakati maduka yamefungwa.

Mafuta yana siasa yake

Mwezi Septemba 2023, petroli Nairobi ilifika shilingi 211.64 kwa lita. Kila mwanaboda anakumbuka. Tarehe 14 ya kila mwezi, wakati EPRA inatangaza bei mpya, steji hunyamaza kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani.

Kwa bei ile, chukua nduthi mbili zinazopiga kilomita 120 kwa siku. Moja inaenda kilomita 50 kwa lita, nyingine kilomita 35. Tofauti yake kwa siku ni lita moja na kidogo, karibu shilingi 218. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya 5,600. Kwa mitaa mingi hiyo ni kodi ya nyumba.

Hapa ndipo mabishano ya 100cc na 150cc yanapoingia. Boxer iko na zote mbili. TVS iko na HLX 125 na HLX 150. Jamaa wa mjini, anayebeba mtu mmoja kutoka steji hadi kwa gorofa na kurudi, atakwambia 100 inamtosha na haili. Lakini mwenzake wa Murang'a anayepandisha ndizi mlimani, ama wa Kinangop anayebeba mitungi ya maziwa alfajiri kwa matope, hawezi kukuelewa. Kwake 100cc ingelia kila siku, na injini inayolia kila siku inakufa mapema. Kwa hivyo mtu akikwambia nduthi fulani ni mbaya, muulize kwanza anaitumia wapi na anabeba nini.

Nduthi inauawa na mwenyewe

Sasa niseme kitu ambacho hakitapendwa steji. Sifa nyingi mbaya za pikipiki ni za mwenye pikipiki.

Injini ya nduthi inabeba oili kama lita moja tu. Hiyo lita moja ndiyo inapaka kila kitu, ndani ya joto la Nairobi, kwa foleni, mchana kutwa. Ukiruka kubadilisha kwa sababu wiki imekuwa mbaya, unajikopesha pesa kwa riba ambayo hakuna benki ingekutoza. Ringi zinakwisha, nduthi inaanza kutoa moshi wa bluu, halafu unaambia watu hiyo brandi siku hizi ni feki.

Kichujio cha hewa ni vilevile. Ukiwa unapita barabara ya vumbi kila siku na hujawahi kukifungua, injini inapumua mchanga. Cheni ikilegea usiiongezee siku, na ukibadilisha cheni badilisha na sproketi zake zote mbili, kwa sababu cheni mpya kwa meno yaliyochakaa inaisha haraka. Halafu kuna mzigo. Sheria inaruhusu abiria mmoja. Ukibeba watatu na mtoto mgongoni, shokomzoba haikupatii risiti, lakini inaandika deni.

Kuna na shida ya spea feki. Upendo wetu kwa brandi mbili umefanya brandi hizo ziwe tamu kuigiza. Ukienda kununua klachi pleti utaonyeshwa pakiti tatu zinazofanana, bei tatu tofauti, na muuzaji anakwambia zote ni orijino, "ila hii ni orijino kabisa." Jina lile lile unaloliamini kwa tangi linaweza kuwa limeandikwa kwa pakiti ya takataka. Mafundi wazoefu hutazama uzito, maandishi yaliyochapwa kwa chuma chenyewe, na wakati mwingine hunusa tu. Kama huwezi kutofautisha, enda na fundi wako ama ununue duka ambalo steji yenu imelizoea miaka, ambalo ukirudi na kifaa kilichovunjika baada ya siku mbili hawatajifanya hawakujui.

Siku ya kuuza

Kuna siku ambayo wengi hawaifikirii wanaponunua, nayo ni siku ya kuiachilia. Mtoto amelazwa, ama umepata kazi ingine, ama unataka kuongeza pesa uchukue tuktuk. Unahitaji pesa leo.

Mnunuzi wa nduthi ya mkono wa pili anatazama nambari kwanza, kwa sababu herufi za KM zinampa umri kabla hujafungua mdomo. Kisha anatazama jina. Kama ni Boxer ama TVS, bei inajulikana, mnaongea kidogo na mnamalizana. Watu watatu wa steji yenyewe wataitaka. Kama ni jina geni, mnunuzi anajikuna kichwa, kwa sababu na yeye anaogopa ile safari ya Kirinyaga Road. Utaiachilia kwa bei ya kulia.

Kuna upande mwingine wa hii sarafu. Nduthi inayouzika haraka inaibika haraka pia, kwa sababu hata ikichanjwa vipande kila kipande kina soko. Ndiyo maana unaona wenye nduthi za kawaida wakilala nazo ndani ya nyumba ya chumba kimoja, kitanda huku, jiko kule, tairi katikati. Kufuli moja ya diski haitoshi. Umaarufu una bei.

Za stima zitapita huu mtihani?

Kwa miaka michache sasa, sauti mpya imeingia barabarani, ama niseme kukosa sauti. Nduthi za stima. Roam, ambayo ilianza hapa Nairobi ikiitwa Opibus kabla ya kubadilisha jina mwaka 2022, iko. Ampersand, iliyoanzia Rwanda, iko. Spiro iko, na ina vituo vya kubadilisha betri. Jamaa anaingia kituoni, anatoa betri iliyoisha, anaweka iliyojaa, anaenda zake.

Kwa upande wa kuharibika, hizi zina sifa ya kweli. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna kabureta, hakuna ringi za kuisha. Vitu vingi ambavyo vimemlisha yule fundi wa chini ya mti havipo. Na tarehe 14 ya mwezi mwenye nduthi ya stima analala usingizi wake.

Lakini turudi kwa swali letu. Ikilala saa tatu asubuhi, inaamka saa ngapi? Nani anaitengeneza? Ukienda kwa fundi wa kawaida na shida ya waya ama kontrola, atakutazama na huruma. Inabidi urudi kwa kampuni. Na betri ya kampuni moja haiingii tu hivi hivi kwa nduthi ya kampuni nyingine. Boxer ukiwa umekosana na muuzaji wake, bado utaweka petroli kwa kituo chochote, utanunua plagi kwa duka lolote. Nduthi ya stima ambayo huimiliki betri yake imekufunga kwa kampuni moja kwa mkufu. Kampuni ikistawi, unastawi nayo. Ikiyumba, unabaki na fremu nzuri.

Sisemi usinunue. Kuna vijana mtaani wananiambia wanabaki na pesa zaidi kila jioni, na hesabu yao ina maana. Nasema hizi kampuni zikitaka kumtoa mwanaboda kwa Boxer, zisimwonyeshe tu spidi na mazingira. Zimfundishe fundi wa chini ya mti. Zijaze spea mtaani. Siku ambayo nduthi ya stima itatengenezwa Kayole saa mbili usiku na fundi mwenye tochi mdomoni, vita ya steji itakuwa na mchezaji mpya wa kweli.

Kabla hujatoa deposit

Kama wewe ndiye unayetaka kuingia kwa hii kazi, wacha swali la nduthi gani ni bora. Uliza haya:

Kwanza, fundi aliye karibu na steji yangu anajua kufungua gani? Nenda umwulize mwenyewe, si muuzaji. Fundi hana komisheni.

Pili, ingia maduka matatu ya spea kabla hujanunua nduthi. Uliza bei ya klachi pleti, cheni na sproketi, na kifaa kimoja cha ndani ya injini. Maduka mawili yakikwambia "agiza", hiyo ni jibu.

Tatu, nitabeba nini, na barabara yangu ikoje? Usinunue 150 kwa sababu inanguruma vizuri kama kazi yako ni kupeleka chakula Kilimani. Usinunue 100 kama nyumbani ni mlima na mzigo ni viazi.

Nne, soma mkataba wa mkopo mpaka mwisho. Deposit ndogo haimaanishi nduthi rahisi. Zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku zote uone jumla, halafu ulize kinachotokea ukikosa kulipa siku tatu, siku saba, siku kumi na nne. Wakikataa kukuandikia, ondoka.

Tano, weka akiba ya nduthi kulala. Hata kama ni 50 kila siku. Ukifika mwezi wa tatu una 4,500, na hiyo ndiyo itakusimamisha kati yako na pikapu.

Ukishapata majibu ya hayo matano, utaona jina limejichagua lenyewe, na pengine litakuwa lile lile ambalo jirani yako yuko nalo. Si mbaya. Ukinunua, karibu steji, chukua nafasi yako kwa mwavuli, na uwe tayari. Saa nane ikifika, mzee wa Honda atakuuliza kwa nini hukununua Honda.